Fungu la Mwizi

Wiki iliyopita gunia la mchele lilipasuka mbele yangu katika duka moja la Kiafrika kule Alief, mtaa wa Houston. Nilikuwa nimeendesha gari kutoka Plano, kaskazini mwa Texas, kuja kumwona Mama, na Mama, kama kawaida yake, alinituma dukani kabla sijakaa. Mchele ulimwagika sakafuni kwa sauti ya mvua inayoanza, na vumbi lake likapanda: lile vumbi kavu, tamu kidogo, lenye harufu ya gunia na jua. Watu waliruka wasikanyage. Mimi nilisimama palepale kwa furaha, na nilitaka kumwambia mtu, mtu yeyote, hata yule kaka wa Kikongo aliyekuwa akichagua ndizi, kwamba utotoni niliwahi kufuga mwizi.

Sikumwambia. Nilianza kuwaza nianzie wapi, kisha nikawaza kama neno "kufuga" lingemtisha, kisha kama angedhani ninamtongoza, na nilipomaliza kuwaza alikuwa ameshalipa na kuondoka. Ndivyo nilivyo. Nina digrii, nina kazi kwenye mojawapo ya zile ofisi za vioo, na bado kila asubuhi nafunga mlango wangu, nashuka ngazi, halafu napanda tena kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Basi nawaandikia ninyi wa rika langu, mliolelewa huku na wazazi wa zamu, mliosemeshwa kwa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza. Ninyi hamtahitaji maelezo mengi.

Kabla hatujahamia Alief tuliishi mahali ambapo hadi leo silijui jina lake kwenye ramani. Unatoka Houston ukifuata jua la jioni mpaka maduka yanaisha, mpaka vituo vya mafuta vinaisha, mpaka lami yenyewe inachoka na kugeuka changarawe. Hapo, kati ya mashamba ya mpunga na mfereji mpana wa maji, palikuwa na nyumba za treila zilizopangwa pande mbili za njia, na karibu zote zilikuwa za watu wa Indonesia waliotoka kijiji kimoja cha milimani. Wa kwanza alimwita shemeji yake, shemeji akamwita jirani, jirani akamwita binamu, mpaka nusu ya kijiji ikawa imehamia Texas. Walichimba mabwawa ya samaki kwa koleo. Walipanda mchaichai kando ya kila ngazi. Bata walitembea katikati ya njia kwa madaha, na magari ndiyo yaliyosubiri.

Wakenya tulikuwa sisi peke yetu. Mama alihudumia wazee kwenye makao yao mchana, na jioni alisomea unesi. Baba aliendesha lori la masafa marefu, akiondoka Jumapili usiku na kurudi Jumamosi. Baba ni Mmeru na Mama ni Mluhya, kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili. Mimi nilikuwa bado napoteza meno ya mbele, na kwa kuwa sikuwa nimeona pengine, niliamini kwamba Amerika yote ni hivyo: bata, mabwawa, na wanawake waliojifunga sarong, kama leso zetu, wanaokuita ndani ule kabla hujasema jina lako.

Mmoja wao alikuwa Ibu Wati. Ibu kwao ni kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Ndiye aliyenipokea kila nilipotoka shule mpaka Mama arudi, na binti yake Yanti ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba mkwe wake, Pak Darmo, yaani Mzee Darmo, ndiye aliyekuwa kama mkubwa wa njia ile. Alivaa sarong na kofia ya besiboli, akawaibia wenzake waziwazi kwenye dhumna, na akikamatwa alilalamikia goti lake mpaka watu wakasahau mchezo.

Siku chache baada ya sisi kuhamia, Ibu Wati alileta kopo la maziwa lililotobolewa na kutiwa waya, akalitundika kwenye msumari kando ya mlango wetu. Milango yote ya njia ile ilikuwa na kopo kama hilo. Alikusanya ncha za vidole vyake, akamwonyesha Mama. "Kila jioni, mchele kidogo tu. Kiasi hiki."

Mama alishukuru kwa tabasamu lake la ugenini, lile la kuitikia kwanza na kuelewa baadaye. Hakuuliza. Mtu akikukaribisha kwake humwanzishii maswali ya polisi. Basi kila mmoja wetu akabaki na tafsiri yake. Mama alidhani ni sadaka. Baba alipolikuta kopo Jumamosi alicheka sana. "Sasa Mama Makena, tumekuja Amerika kulisha ndege?" Mimi ndiye niliyewaza zaidi. Jioni kopo lilikuwa na mchele, asubuhi lilikuwa tupu, na katikati, nikiwa kitandani nusu usingizini, nilisikia mlio wa mti uliogongwa taratibu: tok, tok-tok, ukija kutoka mbali, ukikaribia, ukipita. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu fulani. Mtu huyo alikula mchele wetu. Nani anatembea usiku mlango hadi mlango? Jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba niliona aibu kuwauliza wakubwa. Kila nyumba humwekea mwizi fungu lake, naye akishapata fungu hana haja ya kuingia ndani.

Niliuona mpango huo kuwa wa busara kabisa. Nilishangaa tu kwa nini shuleni hawakuufundisha.

Kisha Mama akaja kuharibu kila kitu. Rafiki yake wa kanisani kule Alief alimwambia kwa simu kwamba mchele wa mlangoni ni wa mizimu. Mama alikata simu akalitazama kopo.

"Si kwamba naamini," alisema. "Lakini pia sitaki kujaribu."

Akalitoa, akaliosha, akalitia vibanio vya nguo, akaliweka chini ya sinki. Mimi nilimwangalia nikijua mwizi amenyimwa fungu lake. Jumamosi iliyofuata tulikwenda sote Alief kwenye ibada ya mkesha, tukalala kwa rafiki yuleyule, na Jumapili tuliporudi mlango wa mbele ulikuwa umevunjwa kitasa. Televisheni haikuwepo. Cherehani ya Mama haikuwepo. Hata redio ndogo ya Baba, iliyoshikiliwa kwa mpira wa nywele zangu, haikuwepo.

Mama alilia kwa ajili ya cherehani. Baba alizunguka nyumba akigusa madirisha, uso wake umekuwa wa mtu nisiyemjua. Njia nzima ilikuja. Pak Darmo alirekebisha kitasa mwenyewe, na kesho yake Ibu Wati akaleta mfuko mkubwa wa mchele ambao Mama aliushangaa, maana ulikuwa wa kila aina pamoja: punje ndefu, fupi, nyeupe, nyekundu, zilizovunjika. Lakini mimi nilikuwa nikiangalia jambo moja tu. Hakuna nyumba nyingine iliyoguswa. Zile zote zenye kopo zilikuwa salama, na sisi tusio na kopo tukaibiwa. Nilitaka kupiga kelele kwa jinsi nilivyokuwa sahihi.

Jioni ile ya Jumapili Baba hakuondoka na lori mpaka amesema neno lake. Alikuwa na kaka yake kule Carrollton, karibu na Dallas, kwenye fleti yenye geti na alamu, aliyekuwa akituambia kila siku tuhamie karibu naye.

"Mwizi akirudi tena hata mara moja," Baba alimwambia Mama, "kesho yake tunaenda Carrollton. Siwezi kuwa njiani huko nikiwaza nyinyi mko hapa peke yenu na mlango wa kadibodi."

"Na masomo yangu, Baba Makena?"

"Utasomea huko."

"Na kazi?"

"Wazee wako kila mahali."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia. Nilikuwa nimewahi kwenda kwa huyo amu wa Carrollton. Makochi yake yalivishwa vitambaa ambavyo huruhusiwi kuvikunja, na nje kulikuwa na kibao kinachokataza mpira. Hapakuwa na mfereji wala bata, na Yanti hakuwepo. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto: kukaa kwetu pale sasa kulitegemea kitu kimoja, mwizi asiingie tena. Na mwizi angeshibishwa na nani, kama si mimi?

Jioni iliyofuata Mama alipofungua vitabu vyake mezani, nilimwaga vibanio vya nguo, nikatia mchele, nikatoka na kisingizio cha kupeleka takataka, nikalitundika kopo. Asubuhi, Mama akiwa bafuni, nilikimbia kwenda kulitazama. Tupu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena, hata siku ya mahafali. Nililirudisha chini ya sinki na nikaenda shule nikiwa mtu mwenye siri, nikiwaangalia wenzangu kwenye basi kwa huruma, maana wao hawakuwa na wa kumtunza.

Ila akili yangu haikunipa raha hata wakati huo. Mchele mbichi unahitaji kupikwa. Je, mwizi ana sufuria? Mtu mwenye jiko lake angetembea usiku kuomba mchele? Basi nikaanza kumwekea chakula kilicho tayari. Mama alipika chapati nyingi Jumapili ili zitoshe wiki, akazifunga kwenye karatasi ya foili. Nilimwekea nusu. Halafu nikawaza, je, kama naye hana meno ya mbele kama mimi? Nikawa naikatakata vipande vidogo. Darasani kulikuwa na meza ya watoto wanaodhurika na njugu, kwa hiyo sikuthubutu kumpa chochote chenye njugu, nisije nikamuua mtu anayenitegemea. Nikahamia mandazi. Siku moja nikamwekea paja zima la kuku, langu mwenyewe, na nikalala njaa kwa fahari.

Na yeye akaanza kujibu. Asubuhi moja niliinua kifuniko cha foili nikakuta yai la bata, la chumvi, limechemshwa. Asubuhi nyingine, ndizi ya kukaanga iliyofungwa kwenye jani. Mara nyingine zile chipsi za kamba wa baharini zinazovunjika mdomoni kama barafu. Nilikula nimejifungia bafuni. Mwizi wetu alikuwa na adabu. Alisafisha kopo kabla ya kulirudisha. Nilianza kumuwaza darasani: anaishi wapi, ana mtoto kama mimi, mvua ikinyesha anajifunika nini. Mlio wa mti ulipopita usiku, tok, tok-tok, ulichelewa sasa kwenye mlango wetu, na nilisikia kama watu wakicheka kwa sauti ya chini. Nikajua amekuja na rafiki. Kesho yake nikaongeza chapati.

Mama aligundua tu kwamba chakula kinaisha.

"Huyu mtoto anakula kama fundi wa mjengo," alimwambia Baba kwa simu, "na ona mikono yake, kama vijiti."

"Ni minyoo hiyo," Baba akajibu kwenye spika, lori likinguruma nyuma yake. "Mpe dawa."

Nilikunywa dawa ya minyoo. Ilikuwa chungu ajabu, na niliimeza bila neno, kama askari asiyetaja wenzake.

Kisha siku moja, tukiwa na Yanti kando ya mfereji tukitupia bata mkate, Yanti akasema bila hata kunitazama, "Babu anasema chapati zenu ni tamu. Anasema mama yako akipika Jumapili, zinazoliwa Jumatatu ndizo bora."

Mkate ulinidondoka mkononi.

Chapati zile hakuna mtu niliyempa ila mmoja. Kama Pak Darmo alizijua kwa ladha na kwa siku zake, basi Pak Darmo ndiye. Kila kitu kilijipanga ghafla: ndiyo maana aliiba kwenye dhumna. Ndiyo maana alijua haraka hivyo jinsi ya kutengeneza kitasa. Nilimtazama Yanti, maskini, akicheka na bata, hajui kwamba babu yake ni mwizi wa njia nzima, na nikamwonea huruma nusura nilie. Nilijiapiza kwamba sitamwambia. Wala Baba. Baba angeita polisi, polisi wangemchukua Pak Darmo, Yanti angehama, na sisi tungehama, na bata wangebaki peke yao.

Jumamosi Baba alirudi mapema. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya ngazi akitazama chini.

"Mama Makena, hebu toka nje kidogo."

Mama alitoka na daftari mkononi.

"Nani amekuwa akisimama hapa?"

Nyasi za kando ya mlango zilikuwa zimelala chini, zimekufa kabisa, na kwenye udongo kulikuwa na nyayo za kandambili zikiwa zimekanyagana.

"Labda ni mtu wa mita," Mama alisema.

"Mtu wa mita asimame mlangoni kwangu mpaka nyasi zife?" Baba alichuchumaa, akaokota kitu kwa vidole viwili. "Na ona. Makombo. Huyu mtu amekuwa akituchunguza huku anakula."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama. Yale yalikuwa makombo ya chapati zangu. Kila nilichoongeza ndicho kilichomfanya akae zaidi, na kila alivyokaa ndivyo nyasi zilivyokufa, na sasa nyasi ndizo zitakazotuhamisha.

Baba alimpigia kaka yake palepale, akamwambia aje kesho na gari la mizigo. Akatoa makaratasi ya boksi kwenye lori, akaanza kuyafunga kwa utepe wa gundi, na sauti ya ule utepe ukivutwa ilinichana masikio. Mama alipanga sahani kwenye maboksi. Mimi niliambiwa nikusanye vitu vyangu. Nilikusanya viatu nikavitoa tena, nikakusanya nikavitoa. Nje jua lilikuwa bado kali.

Ndipo mlango ukabishwa.

Baba alifungua, utepe bado mkononi. Alikuwa Pak Darmo, kofia ameivua, na nyuma yake Ibu Wati na Yanti. Mzee alianza kwa Kiingereza chake cha taratibu kuulizia safari, kisha barabara, kisha hali ya hewa ya huko Baba alikotoka, maana kwao jambo halianzwi kwa jambo lenyewe. Baba alijibu kwa kifupi, macho yakimwenda kwenye kandambili za mzee. Nami niliona alichokuwa akikiona. Zilikuwa na udongo uleule.

Nilipita chini ya mkono wa Baba nikasimama katikati yao. Siku zote nilimjibu Baba kwa Kiingereza, lakini siku hiyo maneno yalitoka kwa Kiswahili, yote, kwa mkupuo.

"Baba, usiite polisi. Ndiye mwizi, lakini ameshiba."

Baba aliushusha utepe.

"Makena," Mama alisema polepole, "umesema nini?"

"Nimemlisha kila siku. Chapati, na mandazi, na lile paja la kuku. Hajachukua kitu tangu nianze. Hata yai ameniletea. Sasa tukihama atakula kwa nani?"

Pak Darmo alitabasamu kwa adabu, akamwangalia Baba. "Mtoto anasema nini?"

Baba aliitazama dari. "Mwambie," alimwambia Mama kwa Kiswahili.

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye baba wa nyumba."

"Wewe ndiye jirani wa kila siku."

"Na mwana ni wa nani, si wa kwako?"

Mwishowe Baba alitafsiri. Alijaribu kulainisha, akasema mtoto alikuwa na dhana fulani kuhusu kopo, lakini Pak Darmo aliuliza dhana gani, akauliza tena, mpaka neno lenyewe likatoka. Mzee hakubadilika uso. Aligeuka akasema jambo kwa lugha yao, na Ibu Wati akakaa chini kwenye ngazi, mdomo ameufunika kwa sarong, mabega yakimruka. Yanti alinikunjia uso.

"Babu hawezi kuiba," alisema. "Hata ngazi hapandi mpaka ashikwe mkono."

"Mwambieni mtoto," Pak Darmo alisema, "mwizi anaomba wiki ijayo chumvi ipungue. Ana presha."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko kilimponyoka kwa pua, akaweka sahani chini. Baba hakucheka. Aliuliza kile ambacho sote tulipaswa kuuliza tangu mwanzo: mchele ule ni wa nini?

Pak Darmo akaeleza, akiwa amesimama mlangoni. Kijiji walichotoka kilikuwa mbali na kituo chochote cha polisi, kama hapa. Kuku wakiibiwa, moto ukizuka, maji yakipanda, hakuna wa kukimbilia ila mwenye mlango wa pili. Kwa hiyo wanaume hulinda kwa zamu, na hupita wakigonga kipande cha mwanzi ili wenye nyumba wajue wako macho. Lakini mtu mwenye usingizi anaweza kugonga mwanzi akiwa amekaa kibandani. Ndiyo sababu ya mchele. Ukitaka kuuchota lazima ufike kwenye kila mlango kwa miguu yako, unyooshe mkono, na ukiwa hapo unausukuma mlango kuona kama umefungwa, unanusa kama kuna gesi, unasikiliza kama kuna anayelia. Ukilikuta kopo tupu, kesho yake mtu anakuja kuuliza kama wenyewe wameugua. Mchele wenyewe unawekwa pamoja, na ukizidi unapelekwa kwa nyumba yenye shida.

Mama aliangalia kule jikoni, kwenye ule mfuko wa punje za kila aina. Aliuangalia kwa muda.

"Na sisi?" Baba aliuliza. "Usiku ule?"

Mzee aliikunja kofia yake mikononi. "Kopo halikuwa tupu. Halikuwepo. Tulidhani mmetuambia tusiguse mlango wenu. Tulipita mbali, kwa heshima. Nilipaswa kuja kuuliza. Niliona aibu, nikanyamaza, na mkaibiwa. Nisamehe."

"Ni mimi niliyelitoa," Mama alisema. "Nami niliona aibu kuuliza."

"Lakini liliporudi, nasi tulirudi," mzee alimwambia Baba. "Kila usiku uliokuwa barabarani, kuna mkono umeugusa huu mlango. Mwezi huu labda tumeugusa kupita kiasi. Kwa sababu ya chapati."

Baba alikaa juu ya boksi, nalo likabonyea chini yake. Nilikuwa nikisubiri anigombeze, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alisema kwa Kiswahili, kama anayejisemea, "Kila nikifumba macho kwenye lile lori, naona huu mlango uko wazi." Mama alimwekea kiganja begani, akakiacha hapo.

Halafu Baba akainua kichwa. "Jumamosi ni zamu ya nani?"

"Ya kwangu," Pak Darmo alijibu upesi mno. "Na goti hili linanimaliza."

Ibu Wati akasema hicho ndicho walichokuja kuomba tangu mwanzo, Baba ashike zamu hiyo, ila mzee alikuwa bado kwenye hali ya hewa.

Baba alitoka nje kupiga simu, nikamfuata. Nilisikia upande wake tu. "Kaka, usije kesho. Hapana, hapana alamu... Kamera? Hakuna kamera. Ni watu... Si wa kulipwa. Ni mimi. Nimewekwa zamu." Akasikiliza. "Ndiyo, zamu. Na mwanzi." Akaiweka simu mbali na sikio, maana amu alikuwa akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu tuibiwe nikamwona Baba naye akitabasamu. Aliniona, akanivuta kwa kola.

"Na wewe," alisema, "ile dawa ya minyoo uliinywa yote?"

"Yote."

"Pole."

Jioni ile alikwenda na tochi na jaketi lake la lori, Yanti na mimi tukamsindikiza mpaka kwenye bwawa la kwanza kabla ya kurudishwa. Nililala nikiwa nimekaza masikio, nikitaka kuusikia mwanzi ukigongwa na mtu wangu mwenyewe, na usingizi ukanichukua kabla haujafika.

Asubuhi alituendesha hadi Alief na macho mekundu. Kanisani nilikaa katikati yao. Mchungaji hakuwa amefika mbali na mahubiri Baba alipoanza kukoroma, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi, matope ya njia yetu yamekauka kwenye viatu vyake vya Jumapili. Watu waliombwa kusimama, wakasimama, yeye akabaki. Dada mmoja wa safu ya mbele aligeuka kumtazama, kisha akanyoosha mkono amguse goti.

"Mwache," Mama alimwambia, kwa sauti iliyotosha kusikika mpaka mlangoni. "Ametoka lindo."